Motoka ya chama: vyombo vyake, mzigo wake, na nani anasema "hapana"

*Maneno haya yalisemwa na mwangalizi wa motoka mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Katoto. Tumeyaandika sawa vile yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.*

  

Nimeombwa kuzungumza juu ya pikapu yetu. Najua wengine wamesema: "Hayo ni mambo ya mashofere, sisi tunakwenda kufanya nini?" Mashofere wako wawili tu. Sisi wenye kuleta mizigo na kuomba nafasi, tuko wengi. Na mimi ninavyoona, motoka ya kazi haiuawi na barabara mbaya. Inauawa na mtu asiyejua chombo, na zaidi inauawa na mzigo ambao hakuna mtu aliyethubutu kuukataa. Njo maana nitaanza na vyombo, halafu mzigo, na mwisho nitawaomba kitu kimoja.

Kamina yetu ni mji wa reli. Njia inatoka Lubumbashi, inapita Tenke na Bukama, inafika hapa, halafu inagawanyika: moja inakwenda Kananga mpaka Ilebo, nyingine inakwenda Kabalo mpaka Kalemie. Lakini reli haifiki ku shamba. Kutoka gare mpaka kijiji ni miguu, ni kinga, ni pikipiki, ama ni pikapu. Mtu aliyerudi na kuanza upya, mbegu zake, mabati yake na simenti ya nyumba yake, vyote vinapita mu karosiri ya motoka hii moja. Ikilala siku tatu, kuna watu wanalala bila paa siku tatu.

Vyombo vya mu kabini

Motoka yetu ni Toyota Land Cruiser ya mazuti, ya kabini moja. Asubuhi, shofere hazungushi ufunguo mara moja mpaka mwisho. Anaufungua nusu, ku tablo kunawaka taa ndogo ya rangi ya manjano yenye sura ya waya uliojikunja. Taa ile inasema moteri inajipasha moto. Ikizimika, njo unawasha. Kuna taa nyingine yenye sura ya filtri: ile inasema maji yameingia mu mazuti. Mazuti ya kununua mu bido kando ya barabara yanakuwa na maji mara mingi. Taa ile ikiwaka, usiseme "tutafika tu". Simama, fungua kizibo kidogo chini ya filtri, maji yatoke, funga. Maji yakifika mu pompe ya mazuti yanaiharibu, na pompe ile bei yake si ya mchezo.

Taa nyekundu ya mafuta ya moteri ikiwaka wakati unatembea, zima moteri palepale. Joto likipanda, simama, lakini usifungue kifuniko cha radiyateri kingali moto. Maji yale yamefungiwa kwa nguvu, yanaruka usoni. Acha ipoe kwanza.

Sasa tuje ku ile mti fupi iliyo karibu na mti wa vitesi. Wengi mnaiona, wachache wanaijua. Imeandikwa H2, H4, N na L4. H2 maana yake nguvu inakwenda ku magurudumu mawili ya nyuma tu. Hiyo ni ya barabara nzuri. H4 maana yake magurudumu yote manne yanavuta. Ni ya matope, mchanga na barabara yenye kuteleza. L4 ni manne pia, lakini polepole na kwa nguvu mingi, karibu mara mbili na nusu kuliko kawaida. Hiyo ni ya kutoka mu shimo, kupanda mlima mkali na mzigo, ama kuushuka.

Sheria zake ni nne, na nawaomba mashofere wazirudilie mpaka wazijue kama jina lao.

Ya kwanza: ku magurudumu ya mbele, katikati, kuna kifungo cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa ku FREE, hata ukiweka H4, magurudumu ya mbele hayavuti kitu. Unashuka, unazungusha vyote viwili ku LOCK, kushoto na kuume, si kimoja. Na ufanye hivyo mbele ya matope. Ukishazama mpaka mlangoni, utakwenda kukitafuta kwa vidole chini ya maji machafu.

Ya pili: H4 hapana ya kutumia ku lami ama ku barabara ngumu na kavu. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Ku matope yanateleza kidogo na kujipanga. Ku barabara ngumu hayawezi kuteleza, vyuma vya ndani vinajikaza, volani inakuwa nzito, na mwisho kitu kinakatika.

Ya tatu: kutoka H2 kwenda H4 unaweza kufanya ukitembea polepole na magurudumu yamenyooka. Lakini kuingia ku L4, simama kabisa na ukanyage ambreyaji.

Ya nne, na hii inaua watu: mti ule mfupi ukibaki ku N, motoka haishikwi na vitesi, hata ukiacha vitesi ya kwanza ndani. Itateremka yenyewe. Shofere anayesimamisha motoka aangalie mti mfupi uko mahali pake, avute freni ya mkono, aache vitesi ndani, na kama ni mteremko aweke jiwe chini ya gurudumu. Watoto wetu wanapenda kucheza nyuma ya motoka iliyosimama.

Kushuka, kuvuka, kukwama

Kuna mashofere mu nchi yetu wanaoshuka mlima na vitesi imetolewa, wengine wanazima na moteri, eti wanachunga mazuti. Tusidanganyane. Vitesi ikiwa ndani, moteri yenyewe inashika motoka. Ukiitoa, kazi yote inabaki ku freni peke yake. Freni inapata moto, na freni iliyopata moto sana haishiki tena. Mguu unakwenda mpaka chini na motoka inaendelea. Na ukizima moteri, kile kinachosaidia mguu ku freni na mikono ku volani kinaisha nguvu. Kwa hiyo shuka na vitesi ile ungepandia. Mlima mkali na mzigo mzito, weka L4. Mazuti unayochunga kwa kushuka vile hayatoshi kununua hata sanduku la maiti.

Maji: usiingie mu maji usiyoyajua. Mtu mzima atangulie na mti mkononi kupima, kama maji hayaendi mbio na mahali hapajulikani kuwa na mamba ama kiboko. Maji yakipita katikati ya gurudumu, tusubiri ama turudi. Moteri ikizimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Ikinywa maji, vyuma vya ndani vinapinda. Itolewe kwa kuvutwa. Ukishavuka, kanyaga freni kidogo kidogo mpaka zikauke na zishike. Daraja la miti, watu wote washuke, waangalie miti, wavuke kwa miguu, halafu motoka ifuate peke yake.

Ukikwama mu mchanga, usichokoze moteri. Kila ukizungusha, unachimba kaburi. Tumia jembe kwanza, weka matawi, na punguza upepo wa mipira, tuseme kutoka kilo 3 kushuka ku kilo 2, mpira upanuke chini. Lakini ukitoka, rudisha upepo na pompe mbele ya kukimbia. Mpira wenye upepo kidogo, mzigo mzito na mwendo, unapata moto na kupasuka.

Kriki isiwekwe ku udongo laini bila ubao mpana chini yake. Na mtu asiingie chini ya motoka iliyoshikwa na kriki peke yake, hata dakika moja, hata kuchukua boloni iliyoanguka. Wakati wa kuvuta kwa kamba, watu wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba ile. Kamba ikikatika inarudi kama fimbo, na ikiwa na chuma ku mwisho inarudi kama risasi.

Neno moja juu ya volani. Hapa Congo tunatembea kuume. Motoka mingi zinazoingia kwa njia ya Zambia na Tanzania zina volani kuume, juu kule wanatembea kushoto. Mtu akiendesha motoka ya namna ile hapa kwetu, haoni kinachokuja mbele mpaka nusu ya motoka imekwisha kutoka mu njia. Siku chama kikikodi motoka ya vile, shofere asipite lori kwa kubahatisha. Abaki nyuma, avute subira.

Hesabu ya mzigo

Sasa tufike ku mzigo, na hapa ninawaongelea nyinyi wote.

Ku motoka, na ku karatasi zake, imeandikwa uzito wote unaoruhusiwa na uzito wake ikiwa tupu. Ukitoa moja ku nyingine, unapata kile inachoweza kubeba. Tuchukue mfano wa kilo 1000, tani moja. Watu husema: "Tani moja, ni mifuko 20 ya simenti." Si kweli. Mu tani ile wamo pia shofere na watu wawili wa mu kabini: karibu kilo 210. Kama uzito tupu umeandikwa bila mazuti na vyombo, imo pia tanki ya mazuti: lita 130 zina uzito wa karibu kilo 110. Umo mpira wa akiba, kriki, jembe, kamba, bido za maji: tuseme kilo 80. Jumla ni 400. Kinachobaki ni kilo 600, ni mifuko 12. Si 20.

Na mzigo uwekwe namna gani? Vitu vizito chini, na karibu na kabini. Vizito vikikaa nyuma kabisa, vinanyanyua mbele, volani inakuwa nyepesi, na motoka haisikii tena. Mabati na mbao vifungwe kwa kamba, visifungwe kwa tumaini. Bido za esansi zijazwe zikiwa chini ya ardhi, si zikiwa mu karosiri, juu kacheche kadogo kanaweza kutoka wakati wa kumimina na kuwasha moto. Pipa la esansi halisafiri na mtu kando yake. Na sigara, tafadhali.

Hapo nyote mnakubali, ninaona vichwa vinaitikia. Sasa nitasema kile ambacho hamtakipenda.

Ukishapakia kilo 600 zile, wanakuja watu kumi. Mama na kitoto, baba na mbuzi, mwanafunzi anayekwenda likizo. Wanapanda juu ya mifuko. Watu kumi ni karibu kilo 700 nyingine. Motoka imepita kipimo chake kwa zaidi ya nusu tani, na uzito huo wote uko juu. Uzito ukikaa juu, ku kona motoka inalala. Na kuta za karosiri zinafika mtu aliyeketi ku mifuko chini ya magoti, hazimshiki. Motoka ikitembea kilomita 60 kwa saa, inakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Shofere akikanyaga freni juu ya mbuzi mmoja aliyevuka, yule aliye juu anaendelea na mwendo ule ule, anapita juu ya kabini, anaanguka mbele ya magurudumu.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwezi wa 3 wa 2022, ku Buyofwe, mu Lualaba, ku reli hii hii yetu kati ya Luena na Tenke, treni iliacha njia, magari yake mengine yakaanguka mu bonde. Ilikuwa treni ya mizigo. Haikuwa na kiti hata kimoja cha abiria, lakini watu wengi walikuwa wamepanda. Walikufa zaidi ya 70. Siwahukumu marehemu. Walipanda juu hawakuona njia nyingine ya kusafiri, na njaa ya watoto haingoji. Ninasema tu kwamba kitu kilichotengenezwa kubeba mizigo hakigeuki kuwa cha kubeba watu kwa sababu watu wana shida.

Nani anasema "hapana"?

Nimesikia wanasema: "Ni shofere njo anapaswa kukataa." Tuangalie vizuri. Shofere wetu mmoja ni kijana. Mbele ya motoka anasimama baba mkubwa wake, ama yaya wa mama yake, ama mwenyekiti wa tawi. Anasema: "Mtoto, mimi nakwenda hapo karibu tu." Mu desturi yetu, kijana yule atasema nini? Atamwambia mkubwa ashuke? Mkubwa atasema kijana ana majivuno, na nyumbani wataitisha kikao. Basi ananyamaza, anawasha moteri. Halafu siku ikipinduka, sisi wote tutasema shofere alikuwa mbaya, na yeye njo atalala mu gereza.

Hiyo si haki. Tumempa ufunguo, hatukumpa ulimi. Kwa hiyo kile ninachowaomba ni hiki: hapana ile itoke kwetu, ku chama, iandikwe na isomwe hapa mbele ya wote.

Iandikwe hivi. Mbele ya safari, wanachama wawili wa komite wanaandika orodha: mzigo wa nani, kilo ngapi, na majina ya watu wa mu kabini. Wanatia saini. Shofere hapokei mzigo wala mtu ambaye hayumo ku orodha. Juu ya mzigo hapandi mtu yeyote, hata mwenyekiti, hata mimi. Na mkubwa akikasirika, asigombane na mtoto. Aje ku komite, tutamkaribisha na tutamweleza kwa heshima.

Wale kati yetu waliorudi kutoka Zambia, kutoka kambi za Mwange na Kala, wanajua kitu hiki si kigeni. Majina yaliandikwa ku orodha, yakasomwa, kila mtu akapanda alipoitwa. Hakuna mzee aliyeona ameshushwa heshima. Tulikubali orodha ya wageni. Tushindwe na orodha yetu wenyewe?

Najua swali litakalokuja: "Na mama mwenye uchungu? Na mgonjwa wa usiku?" Jibu ni kwamba mgonjwa anapata kiti cha mu kabini, na anayemsaidia anapata kingine. Kama kabini imejaa, wale wazima washuke. Kama mgonjwa hawezi kuketi na ni lazima alale nyuma, basi mzigo wote ushushwe kwanza, uwe wa nani uwe, alazwe ku godoro chini kabisa mu karosiri, mtu mmoja amshike, na shofere atembee polepole. Mahindi yanaweza kulala njiani usiku mmoja. Tutaweka mlinzi, na chama kitamlipa. Mwenye mahindi asidai kitu.

Swali la pili ni la pesa, na hili ninawaambia hasa wafadhili. Tukifuata kipimo, kile tulichokuwa tunabeba kwa safari moja kitahitaji mbili. Mazuti yataongezeka, na ripoti itaonyesha mizigo kidogo kwa kila safari. Tafadhali, msitupime kwa wingi wa mifuko ku safari moja tu. Kipimo cha namna ile kinamsukuma mtu kuongeza mfuko mmoja, halafu mwingine. Pimeni pia kama motoka ingali inatembea mwisho wa mwaka, na kama kila aliyeondoka nayo alifika. Na wanachama, mchango wa mazuti ya safari ya pili ni wetu pia. Mtu anayeomba nafasi aje na mchango wake kidogo.

Nimemaliza. Daftari la orodha liko hapa ku meza, limekwisha kupigwa mistari. Komite itawauliza leo kama mnakubali, mnyanyue mikono. Lakini mbele ya hapo tutoke nje kidogo. Motoka iko chini ya mwembe. Mashofere watawaonyesha mti mfupi, LOCK na FREE, na mahali palipoandikwa kilo. Kila mmoja asome mwenyewe, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.



*Mkutano ulipiga kura baada ya kurudi ndani. Sheria ya orodha imekubaliwa na imebandikwa ku mlango wa ofisi ya chama na ndani ya kabini ya motoka.*